Mlango Mmoja kwa Rukhsa Moja

Kanuni za kuingia, kupita na kutoka Saudi Arabia

Twapenda mwezi huu kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo lililokwisha kuwatia watu wengi hasarani, nalo ni kusafiri kwenda Saudi Arabia pasi na kufahamu rukhsa waliyopewa ni ya kufanyia nini.

Sisi watu wa pwani twaijua adabu ya nyumba. Mgeni hubisha hodi, akangoja. Akiitikiwa, hukaribishwa mahali panapomstahiki: huyu huketi barazani, yule huingia ukumbini, na aliye jamaa hupita mpaka ndani. Aliyekaribishwa barazani hakukaribishwa ndani, na lau atajipenyeza huko, hapana atakayemlaumu mwenye nyumba kwa kumtoa. Adabu hii si ada ya mababu zetu peke yake. Dini yetu imeifundisha, na watoto wetu huisoma chuoni: asiyepewa idhini na arejee, na kurejea huko ni bora kwake.

Basi viza ni jawabu la hodi. Mwenye nchi akikuandikia viza, amekwambia, "Karibu," lakini pia amekwambia karibu wapi, kwa shughuli gani, na kwa siku ngapi. Nawe ukiipokea karatasi ile na kuingia kwayo, umekubali sharti zake. Hayo ni mapatano, na Muislamu ameamrishwa kutimiza mapatano yake.

Twayasema haya kwa sababu katika majumba yetu twaona mambo yakienda kinyume. Mzee amekusanya fedha miaka ishirini, pengine ameuza shamba, na watoto wamechanga kilichobaki. Hatimaye zote hukabidhiwa mtu mwenye maneno matamu, asemaye, "Nipeni pasipoti na fedha, mengine niachieni mimi." Hapana aulizaye viza itakuwa ya namna gani. Huulizwa siku ya kuondoka tu.

Kwa nini pawe na rukhsa?

Wako wasemao ya kwamba Nyumba ya Mwenyezi Mungu ni ya Waislamu wote, basi haifai mtu kuombwa karatasi ili aiendee. Neno hili lina utamu masikioni, lakini halikutimia. Nyumba ni ya Mwenyezi Mungu, ni kweli. Lakini njia, maji, mahema, hospitali na usalama wa mamilioni ya watu ni amana iliyo juu ya wanaoisimamia nchi ile. Na mwenye kuchukua amana hana budi kujua amechukua watu wangapi.

Wala kanuni hizi hazikuzuka jana. Katika mwaka wa 1865 ugonjwa wa kipindupindu uliwashika mahujaji huko Makka, ukafuatana nao katika marikebu hata Misri, na kutoka Misri ukaenea Ulaya. Mwaka uliofuata, 1866, mataifa yalikutana Istanbul kushauriana namna ya kuuzuia. Ndipo vikawekwa vituo vya karantini. Kilichojulikana sana ni kile cha kisiwa cha Kamaran, katika Bahari ya Sham, kilichofunguliwa na dola ya Uturuki mwaka wa 1882. Vyombo vilivyotoka upande wa Bahari ya Hindi na kupita Bab-el-Mandeb vilishurutishwa kutua hapo, abiria wakaguliwe na nguo zao zifukizwe, kabla ya kuendelea na safari ya Jidda. Mahujaji warejeao Misri nao walizuiliwa El Tor, katika Sinai.

Zaidi ya hayo, palikuwa na ada iliyotozwa kila haji kwa kuingia. Kabla ya mafuta kupatikana mwaka wa 1938, fedha za mahujaji ndizo zilizokuwa tegemeo kubwa la Hijaz. Ada hiyo iliondolewa mwaka wa 1952, katika siku za Mfalme Abdulaziz bin Saud. Miaka michache baadaye Saudi Arabia ikajenga kituo chake yenyewe cha karantini mjini Jidda, na mwaka wa 1957 vile vifungu makhsusi vya mahujaji vikaondolewa katika kanuni za afya za kimataifa. Kwa hivyo asemaye ya kwamba wazee wetu walikwenda bila ya kuulizwa kitu, hajui walivyokwenda. Wao waliulizwa, wakakaguliwa, na wengine wakazuiliwa visiwani siku kadhaa.

Marikebu ziliposhika nafasi ya majahazi, na ndege zikashika nafasi ya marikebu, idadi ya watu iliongezeka, lakini Mina haikuongezeka. Mina ni bonde baina ya milima. Mwaka wa 1988 nchi za Kiislamu zilikubaliana ya kwamba kila nchi ipeleke mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni 1 walio ndani yake. Pamoja na hayo misiba haikukosekana. Mwaka wa 1990 watu 1,426 walifariki katika msongamano ndani ya njia ya chini ya mlima, na tarehe 15 Aprili 1997 moto uliwaka katika mahema ya Mina, wakafa watu 343. Baada ya moto ule ndipo yakajengwa mahema yasiyoshika moto. Mahema hayo yana hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayowekwa kwa rukhsa.

Milango ya kuingilia

Sasa na tuitaje milango yenyewe, mmoja mmoja, ili kila msomaji aweze kuifungua pasipoti yake na kujua ameitiwa wapi.

Mlango wa kwanza ni viza ya Umra. Kwa hiyo mtu huweza kufanya Umra, kuzuru Madina, na kutembea katika miji mingine ya nchi. Zamani muda wake ulikuwa siku 30, na katika mwaka wa 2022 muda wa kukaa uliongezwa ukawa siku 90. Lakini hapa pana mtego. Siku za kukaa ni jambo moja, na siku ambazo viza yaweza kutumiwa kuingilia ni jambo jingine. Nazo hizi za pili zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Kwa hivyo mtu asitegemee habari za jirani yake aliyekwenda mwaka jana, bali asome tarehe zilizoandikwa katika viza yake mwenyewe. Kadhalika, kabla ya kwenda Msikiti Mtukufu kwa Umra, miadi huchukuliwa katika programu ya simu iitwayo Nusuk, iliyoanzishwa mwaka wa 2022. Na kwa kuingia Rawdha huko Madina, miadi yake ni mbali.

Mlango wa pili ni viza ya utalii, iliyofunguliwa mwezi wa Septemba 2019. Kwanza waliruhusiwa kuiomba kwa intaneti watu wa nchi 49, na baadaye orodha ikaongezwa. Katika mwezi wa Machi 2023 waliruhusiwa pia wakaazi wa nchi za Ghuba, bila ya kujali kazi zao. Na hili lawahusu ndugu zetu wengi wanaokaa Oman, Imarati na Qatar kwa hati za ukaazi. Ama raia wa nchi hizo za Ghuba wao hawahitaji viza. Mwenye viza ya utalii aliye Muislamu aweza kufanya Umra. Asiyekuwa Muislamu haingii Makka, na barabara za kuelekea huko zina vituo vya ukaguzi. Lakini hakuna, narudia ya wenzangu, hakuna mwenye viza ya utalii aliyeruhusiwa kuhiji kwayo.

Mlango wa tatu ni viza ya kupita njiani, nao tutaueleza peke yake. Wa nne ni viza ya Hija, ambayo hupatikana kwa njia zilizokubaliwa na Wizara ya Hija na Umra, na kwa nchi zetu ni kwa kupitia ujumbe wa Hija wa kila nchi na mawakala walioidhinishwa. Wa tano ni viza ya kazi. Kila mmoja una funguo zake, na ufunguo wa huu haufungui ule.

Kwa milango yote, pasipoti inatakiwa iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Na mtu afikapo, huchukuliwa alama za vidole na picha ya uso. Wako waliofukuzwa nchini kisha wakabadilisha jina katika pasipoti mpya, wakidhani wamesahauliwa. Jina hubadilika, vidole havibadiliki.

Jambo jingine ambalo akina mama hutuuliza ni la maharimu. Katika Oktoba 2022 Waziri wa Hija na Umra, Tawfiq Al-Rabiah, alieleza ya kwamba mwanamke aweza kuja kwa Hija au Umra bila ya kufuatana na maharimu. Hiyo ni kanuni ya kuingia nchini. Ama hukumu ya sharia, wanazuoni wa madhehebu wana maneno yao, na kila mmoja na amuulize sheikh wake. Twawanasihi tu wasiyachanganye mambo mawili: kukubaliwa na ofisa wa uwanja wa ndege si fatwa.

Mwenye kupita njiani

Wengi wa wasafiri wetu hushuka Jidda au Riyadh wakiwa njiani kwenda kwingine, nao hujiuliza kama waweza kutoka. Jawabu lina sehemu mbili.

Abakiaye ndani ya uwanja wa ndege, mizigo yake ikapelekwa moja kwa moja mpaka mwisho wa safari, naye ana tiketi ya kuendelea, huyo hakuingia nchini. Amesimama nje ya mlango. Lakini mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali, ambaye inambidi achukue mizigo yake na kuiandikisha upya, hana budi kupita mbele ya ofisa wa pasipoti, na hapo atatakiwa viza. Wako waliolala sakafuni kwa sababu ya kununua tiketi mbili rahisi badala ya moja.

Sehemu ya pili ni viza ya kupita, iliyotangazwa mwisho wa Januari 2023. Humpa msafiri saa 96, yaani siku 4, na huombwa pamoja na tiketi ya shirika la ndege la Saudia au flynas. Katika siku hizo mtu huweza kufanya Umra, kuzuru Madina, au kutembea. Ni neema kubwa kwa mtu atokaye, kwa mfano, Ulaya akirejea kwao. Lakini saa 96 ni saa 96. Asemaye, "Nitaongeza siku moja tu nimalizie ziara," amekwisha kuvunja mapatano.

Na mwenye kupita akiwa amenuia Umra tangu alikotoka, asisahau ya kwamba ndege huvuka mikati ikiwa angani. Ihramu haingojewi mpaka Jidda. Na atie ihramu mapema, kabla ya kuifikia mikati, na nguo zake za ihramu aziweke katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku lililokwenda chini ya ndege.

Mlango wa nyuma wa Hija

Sasa tumefika penye khatari kubwa. Tumekwisha kusema ya kwamba viza ya Umra, ya utalii na ya kupita hazimruhusu mtu kuhiji. Pamoja na hayo, wako mawakala ambao kila mwaka huwauzia watu viza hizo kwa jina la Hija. Humwambia mtu, "Ingia mwezi wa Shawwal, ukae Makka kimya, na siku zikifika utatoka pamoja na watu." Bei yake huwa ni ndogo kuliko ya Hija yenyewe, na ndiyo inayowavuta maskini.

Na tutazame yaliyotokea katika Hija ya mwaka wa 2024. Katika mwezi wa Juni joto lilifika digrii 51.8 katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza ya kwamba watu 1,301 walifariki, na ya kwamba asilimia 83 katika hao hawakuwa na rukhsa ya kuhiji. Mwenye kufikiri na aitazame hesabu hiyo. Joto lilikuwa moja na jua lilikuwa moja, na mahujaji wote kwa jumla walikuwa 1,833,164. Lakini kifo kiliwaangukia zaidi wale walioingia kwa mlango wa nyuma.

Sababu yake si ya ajabu. Rukhsa ya Hija si karatasi tupu. Ndani yake mna kitanda katika hema lenye ubaridi, kiti katika basi, chakula, na jina katika daftari la kikundi. Asiyekuwa na rukhsa hana hema wala basi. Alitembea maili kwa maili juu ya lami iwakayo moto, akawakwepa askari kwa kupita njia za mbali, akakosa kivuli cha kupumzikia. Akizidiwa, wengine waliogopa kuita gari la wagonjwa wasije wakakamatwa. Na akifa hana kitambulisho, basi jamaa zake wakakaa siku nyingi wasijue yuko wapi. Twataja kwa insafu ya kwamba hospitali za huko hazikuwafungia mlango: katika huduma 465,000 za matibabu zilizotajwa mwaka ule, 141,000 walipewa watu wasiokuwa na rukhsa. Lakini dawa haimfikii aliyeanguka jabalini.

Baada ya msiba huo serikali ya Misri iliyanyang'anya makampuni 16 ya safari leseni zao. Wafu hawakurudi kwa leseni hizo.

Adhabu nazo zimekuwa nzito. Kwa mujibu wa matangazo ya mwaka wa 2025, tangu siku ya kwanza ya Mfungo Pili, yaani Dhul-Qaada, mpaka tarehe 14 ya Mfungo Tatu, yaani Dhul-Hijja, mtu ajaribuye kuhiji bila ya rukhsa, au aingiaye Makka kwa viza ya matembezi, alikuwa akikabiliwa na faini ifikayo riali 20,000. Kwa kuwa riali 3.75 ni dola 1 ya Marekani, hizo ni zaidi ya dola 5,300. Aliyemwombea viza mtu wa namna hiyo, au aliyemsafirisha, au aliyemficha nyumbani, faini yake yaweza kufika riali 100,000. Na ajipenyezaye kuhiji akiwa mkaazi, au akiwa amepitisha muda wake, hufukuzwa nchini na kuzuiliwa kurejea kwa miaka 10. Mzee wa miaka sabini akizuiliwa miaka 10, amezuiliwa umri wake uliobaki. Zingatia basi: aliyetaka kuufupisha mwendo wa kwenda Makka, amejifungia Makka.

Wako watakaosema, "Lakini Hija ni faradhi, na faradhi haizuiliwi na karatasi." Twajibu ya kwamba Hija ni faradhi kwa mwenye uwezo, na uwezo si fedha peke yake. Wanazuoni wetu wameueleza tangu zamani ya kwamba ndani yake mna afya, chakula cha safari, matumizi ya walioachwa nyumbani, na amani ya njia. Ambaye njia haijamfungukia, faradhi haijamlazimu, wala hana dhambi kwa kungoja. Tena mwezi wa Aprili 2024 Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia lilitoa maelezo ya kwamba haifai kuhiji bila ya rukhsa, na kwamba afanyaye hivyo apata dhambi. Itakuwaje basi mtu aende kutafuta msamaha, naye katika njia anadanganya, anajificha, na kuchukua nafasi ya haji mwenziwe aliyelipia?

Hati za afya

Kila aendaye kwa Hija au Umra, aliyepita umri wa mwaka 1, yampasa awe na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne. Chanjo hiyo ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Aichomaye jana yake hana cheti, ijapokuwa anayo karatasi. Na cheti hicho si cha daima: hudumu miaka 3 au 5 kwa kadiri ya aina ya chanjo, na yapasa aina hiyo iandikwe wazi.

Ama cheti cha homa ya manjano, hutakiwa kwa watokao nchi zenye khatari ya ugonjwa huo. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo zimo katika orodha hiyo ya Shirika la Afya Duniani. Tanzania haimo, lakini mtu wa Zanzibar au Dar es Salaam atakayepitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa huko saa nyingi, na aulize mapema, maana hukumu hufuata njia aliyopita. Chanjo hii nayo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, na tangu mwaka wa 2016 cheti chake hudumu umri wote.

Ama watoto, katika Hija ya mwaka wa 2025 walio chini ya miaka 12 hawakuruhusiwa, kwa kuogopewa msongamano. Mzazi na aulize kanuni ya mwaka wake kabla ya kumwahidi mtoto.

Yaliyomo sandukuni

Ulevi na madawa ya kulevya havina nafasi nchini humo, na adhabu ya mwenye kuyasafirisha madawa huweza kufika kifo. Hili watu hulijua. Wasilolijua wengi ni ya kwamba mirungi, ambayo kwetu huuzwa sokoni mchana kweupe, huko huhesabiwa katika madawa hayo hayo. Asithubutu mtu kubeba hata kishada kimoja kwa ajili ya rafiki. Kadhalika baadhi ya dawa za maumivu makali zimewekewa mipaka. Mgonjwa na achukue dawa zake katika vibweta vyake vya asili, pamoja na barua ya tabibu.

Na juu ya yote, mtu asipokee mzigo wa mwenziwe asioujua ndani yake. Haya na urafiki visimtie mtu gerezani. "Nipelekee kifurushi hiki" ni maneno mepesi, lakini mbele ya forodha sanduku ni la aliyelibeba.

Mwenye fedha taslimu, au dhahabu, ya thamani ya riali 60,000 au zaidi, yaani dola 16,000, yampasa aitangaze wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kuwa nazo si kosa. Kuzificha ndiko kosa. Na maji ya Zamzam, warejeao huyachukua katika chupa maalumu ya lita 5 iliyofungwa kwa boksi lake, wala hayatiwi katika sanduku la nguo.

Adabu ya kutoka

Mgeni mwema hujulikana kwa kuaga. Mwenye viza ya Umra yampasa atoke kabla ya muda wake kwisha, au kabla ya tarehe iliyowekwa ya kuwaondosha watu wa Umra ili kuwapisha mahujaji, yoyote itakayotangulia. Katika mwaka wa 2025 mtu wa mwisho wa Umra aliingia tarehe 13 Aprili, na wote walitakiwa wawe wametoka ifikapo tarehe 29 Aprili. Tarehe hizi hufuata mwezi, basi kila mwaka huhama. Apitishaye muda aweza kutozwa faini ifikayo riali 50,000, akafungwa hadi miezi 6, kisha akarejeshwa kwao. Na kampuni ya Umra isiyotoa habari ya mgeni wake aliyebaki, nayo hutozwa faini hata riali 100,000. Kwa hivyo abakiaye amedhulumu nafsi yake pamoja na waliomdhamini.

Hapana budi pia tuseme neno juu ya vijana na mabinti zetu wanaokwenda kutafuta riziki. Wako wanaoambiwa waingie kwa viza ya Umra au ya matembezi, kisha "watatengenezewa" kazi. Huo ni mlango wa nyuma mwingine. Aliyeingia hivyo hana mkataba, hana hati ya ukaazi, na akidhulumiwa huogopa kwenda kushitaki. Hata kwa mwenye viza ya kazi, mambo ya kutoka yataka kufahamika. Mageuzi yaliyoanza tarehe 14 Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wa makampuni nafasi ya kuomba wenyewe rukhsa ya kutoka na kurejea, bila ya kungoja idhini ya mwajiri. Lakini wafanyakazi wa majumbani hawakuingizwa katika mageuzi yale. Basi mzazi ambaye binti yake aenda kutumika nyumbani mwa watu, na aujue mlango wa kutokea kabla hajamruhusu kuingia: mkataba usemaje, nani atalipa nauli ya kurudi, na nambari ya ubalozi wa nchi yake ni ipi. Kanuni za huko zamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Na akae na nakala yake mbali, na nakala nyingine ibaki nyumbani.

Nasaha zetu kwa kila nyumba

Kabla fedha hazijatoka mkononi, baba na mama na waketi na wakala, na wamwulize maneno haya mbele ya mashahidi. Viza hii ni ya aina gani, nayo imeandikwa hivyo katika karatasi? Yaruhusu Hija, au haiiruhusu? Kampuni yako imo katika orodha ya walioidhinishwa mwaka huu? Mwisho wa kuingia ni lini, na mwisho wa kutoka ni lini? Tutalala wapi Makka na Mina, na mkataba uko wapi? Na fedha zikirejeshwa, zitarejeshwa na nani?

Wakala wa kweli hatakasirika kwa kuulizwa. Akasirikaye amekwisha kujibu.

Na viza ikitoka, mwenye kusoma katika nyumba, hata akiwa ni mtoto wa skuli, na amsomee mzee wake neno kwa neno, aina yake na tarehe zake, naye mzee azihifadhi kama ahifadhivyo nyiradi zake. Kisha nakala ya kila karatasi ibaki kwa jamaa. Kazi hii ni ya saa moja, nayo yaweza kuokoa mali ya miaka ishirini, na pengine roho.

Kungoja mwaka mmoja, au hata miaka mitano, kwa nia safi, ni ibada. Na aliyefariki hali angali akingoja mlango ufunguliwe, Mola wake ndiye ajuaye nia yake. Mwenyezi Mungu awajaalie ndugu zetu wote kuingia kwa heri na kutoka kwa heri, na ibada zao azikubali. Amin.